Shajara ya mradi: mashine na programu za studio yetu ya uhuishaji, Februari hadi Aprili 2025

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tumetia saini mkataba wa mfululizo wa watoto wenye vipindi 13, kila kimoja cha dakika 11, na wageni walipoondoka tu tukaligeukia swali ambalo tumekuwa tukilikwepa tangu Novemba: kazi hii tutaifanya kwa mashine gani? Tuko watu sita katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, karibu na Barabara ya Ngong, na kompyuta zetu ni tatu, zote zimepita miaka saba, moja ikiwa na tabia ya kujizima kila inapopewa kazi ya maana. Nimekabidhiwa uchaguzi wa mashine na programu, pamoja na uandishi wa shajara hii, ili mwaka ujao mtu akiuliza kwa nini tulinunua kitu fulani asijibiwe kwa kubahatisha.

Hesabu ya kwanza niliyoifanya haikuhusu bei. Mteja anataka fremu 25 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya televisheni katika nchi zilizorithi mfumo wa PAL, Kenya ikiwemo. Dakika 11 ni sekunde 660, kwa hiyo kipindi kimoja kina fremu 16,500. Kwenye kompyuta yetu yenye nafuu, fremu moja ya mandhari ya majaribio ilichukua dakika 14 kurendwa, yaani kompyuta kuikokotoa iwe picha kamili. Ukizidisha unapata saa 3,850, ambazo ni siku 160 usiku na mchana, kwa kipindi kimoja tu. Naye mteja anatarajia kipindi kila baada ya wiki nne. Bajeti ya vifaa vyote, leseni zikiwemo, ni shilingi milioni 2.1.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeshinda mjini, kutoka Moi Avenue hadi Luthuli, nikikusanya karatasi za bei. Maduka mengi yanauza kompyuta za kiofisi zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza, na kati ya hizo zimo zile kubwa za kihandisi zenye vichakataji viwili vya Xeon vyenye viini vingi, yaani sehemu zinazopiga hesabu kwa wakati mmoja. Muuzaji mmoja, kijana mchangamfu aliyekuwa akinywa soda huku akinifungulia kasha la mashine, aliniambia, "Dada, hapa una viini ishirini na vinane. Ukitaka kurenda, hii itakufaa mpaka ustaafu." Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya bei ya mashine mpya, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilishawishika.

Kilichoniokoa ni diski ndogo niliyokuwa nayo mkobani, yenye mhusika wetu mkuu akiwa amekamilika mifupa, ngozi na nguo. Tulimfungua kwenye mashine hiyo, tukacheza mwendo wake wa kutembea, na kasi ikawa fremu 11 kwa sekunde. Duka la pili lilikuwa na mashine mpya ya Ryzen 9 7900 yenye viini 12 tu, na mhusika yuleyule akatembea kwa fremu 27. Sababu yake si ya ajabu. Mifupa ya mhusika huhesabiwa kwa kufuatana: bega kwanza, halafu kiwiko, halafu kifundo cha mkono, kwa hiyo kiini kinachoshughulikia kiwiko hakina la kufanya mpaka bega limalizike. Viini vingi vilivyo polepole husaidia wakati wa kurenda kwa kichakataji, lakini mhuishaji anayekaa mbele ya skrini saa nane kwa siku anahitaji vichache vyenye mbio. Asipoona mwendo kwa kasi yake halisi, atakuwa anakadiria, na makadirio hayo huonekana baadaye kwa mhusika anayetembea kama aliyekanyaga gundi.

Kwa upande wa kichakataji, basi, tumekata shauri leoleo. Ryzen 9 7900 imekadiriwa wati 65 ilhali ndugu yake mkubwa, 7950X, imekadiriwa wati 170, na tofauti hiyo nitaieleza nitakapofika kwenye stima.

Alhamisi, 13 Februari

Mjadala wa programu umechukua asubuhi nzima na umekuwa mkali kuliko nilivyotazamia. Wahuishaji wetu wawili walifundishwa chuoni kwa Maya, programu ya uhuishaji wa pande tatu, na wana haki ya kuipenda: ilitoka mwaka 1998, studio kubwa za filamu zimejenga utaratibu wao juu yake, na vifaa vyake vya kupangia mwendo vimekomaa. Hata hivyo Autodesk, kampuni inayoiuza, iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, na tangu hapo anayetaka kuitumia hulipa kodi ya kila mwezi au kila mwaka. Kwa studio inayolipwa kwa shilingi na kudaiwa kwa dola hilo si jambo dogo. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Sasa iko karibu 129. Leseni ileile, bila kampuni kubadilisha hata senti, ingeweza kutupandia kwa karibu robo endapo mwaka ule ungejirudia, na mkataba wetu hauna kifungu cha kufidia hilo.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Maya huja na Arnold ya kurendea, lakini ukitaka mashine kadhaa zirende usiku kwa mafungu, bila mtu, unahitaji leseni nyingine za Arnold, la sivyo picha hutoka zikiwa na alama ya maji. Nasi mpango wetu wote umesimama juu ya mashine kurenda usiku.

Blender, programu nyingine ya pande tatu, haina kodi ya aina hiyo. Ilikuwa mali ya kampuni iliyofungwa, mpaka mwaka 2002 mwasisi wake, Ton Roosendaal, alipoongoza mchango wa umma wa euro 100,000 uliotimia kwa wiki saba, na msimbo wake ukaachiliwa huru Oktoba mwaka huo. Hoja ya wenzangu haikuwa kwamba ni dhaifu, bali kwamba vidole vyao havijaizoea, na hoja hiyo naiheshimu. Programu hii ina mpangilio wa vitufe unaofanana na wa programu nyingine za tasnia, ambao nimewawekea jioni hii. Tumekubaliana wiki tatu za mazoezi kwa mshahara kamili, na nimeziandika wiki hizo katika bajeti kama gharama ya programu, kwa sababu ndivyo zilivyo. Anayesema programu huria ni ya bure hajalipa mshahara wa mtu anayejifunza.

Toon Boom Harmony tuliitazama kwa ufupi. Ingekuwa chaguo langu la kwanza kama mfululizo ungekuwa wa michoro ya pande mbili, lakini mteja amekwisha kuidhinisha wahusika wa pande tatu. Vipande vichache vya ndoto vitachorwa kwa mkono ndani ya Blender yenyewe kwa penseli yake ya Grease Pencil, na ubao wa hadithi utabaki katika programu ya kuchorea ya Krita, ambako mchoraji wetu hataki kuhamishwa wala sina sababu ya kumhamisha.

Toleo letu la Blender ni 4.2, lililotoka Julai 2024, ambalo ni la msaada wa muda mrefu na litarekebishwa kwa miaka miwili. Hakuna atakayepandisha toleo katikati ya mfululizo. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu ukutani pia.

Jumatatu, 24 Februari

Majaribio ya kadi za picha, ambazo ndizo zitakazorenda badala ya kichakataji. Nilitengeneza faili moja ya mizani, mandhari nzito kuliko zote katika kipindi cha kwanza: soko la mitumba lililoigwa kutoka Gikomba, vibanda vikiwa vimesongamana, nguo zimening'inia kila mahali na jua likipenya kati ya mabati. Maduka mawili yalikubali tujaribu kadi papo hapo kwa amana. La tatu lilikataa, nami sikulilaumu.

RTX 4070 yenye gigabaiti 12 ina nguvu kuliko RTX 4060 Ti yenye gigabaiti 16. Hilo lilijulikana kabla ya kuanza. Katika mandhari ya nyumbani kwa mhusika, 4070 ilitangulia kwa mbali. Sokoni mambo yakageuka. Mandhari nzima ilitaka gigabaiti 13.8 za kumbukumbu ya kadi, 4070 ikajaa, ikaanza kukopa kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta kupitia njia iliyo finyu zaidi, na fremu iliyotakiwa kumalizika kwa dakika chache ikavuka dakika 20. Mara ya pili iligoma kabisa, ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi. 4060 Ti, iliyoonekana mnyonge, ilimaliza kazi bila kelele.

Nilirudi studio nikiwa nimeamua kununua nne za gigabaiti 16, na tayari nilikuwa nimeandika barua ya oda.

Jumatano, 26 Februari

Sikuituma barua. Jana usiku niliifungua ile faili ya soko nipate kuelewa gigabaiti 13.8 zimetoka wapi, na jibu likanitia haya kidogo. Picha zinazovalishwa juu ya nguo, ambazo sisi huziita teksicha, zilikuwa zote za pikseli 4,096 kwa 4,096. Picha ya ukubwa huo ikishafunguliwa ndani ya kadi haikai tena kama faili ndogo iliyobanwa: kila pikseli huchukua baiti nne, jumla megabaiti 64. Tulikuwa na nguo 100, kila moja na teksicha yake, hivyo gigabaiti 6.4 zilikuwa ni fulana, suruali na magauni, mengi yakiwa nyuma kabisa ya kibanda ambako hakuna mtoto atakayetambua kifungo. Tukizipunguza hadi 2,048 kwa 2,048, kila moja hushuka kuwa megabaiti 16 na zote pamoja gigabaiti 1.6. Tulifanya hivyo, na soko zima likashuka hadi gigabaiti 9.0. Nililiweka toleo la zamani na jipya sambamba kwenye skrini nikawaita wenzangu wachague lipi ni lipi. Walikosea wanne kati ya watano.

Kwa gigabaiti 9.0, RTX 4070 ilirenda fremu ya soko kwa dakika 6 na ile ya nyumbani kwa dakika 2 na nusu. Kwa kupima mchanganyiko wa mandhari za kipindi cha kwanza tunapata wastani wa dakika 4: fremu 16,500 ni saa 1,100, na mashine nne zikifanya kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi zinatoa saa 56 kwa usiku mmoja, ambazo zinakimaliza kipindi kwa usiku 20. Inatosha, ingawa hainipi usingizi mnono.

Uamuzi wa mwisho ni mashine tatu zenye 4070, na ya nne, ya mtu wa mwanga na mandhari, yenye RTX 4070 Ti Super ya gigabaiti 16, kwa kuwa yeye ndiye hufungua mandhari kabla hazijapunguzwa uzito. Kila moja itakuwa na kumbukumbu ya kawaida ya gigabaiti 64. Sheria mpya ya studio ni kwamba teksicha ya 4,096 inaombewa ruhusa.

Jumanne, 4 Machi

Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyotengenezwa kwa Blender, imepata Oscar ya filamu bora ya uhuishaji juzi. Ilirendwa kwa EEVEE, ile injini ya haraka ya Blender, badala ya Cycles tunayoitumia sisi. Mteja, ambaye mwezi uliopita aliuliza kwa adabu kama "programu ya bure" inatosha, leo ametuma ujumbe mfupi wa kutupongeza kana kwamba sisi ndio tulioshinda.

Habari hiyo imefufua swali la kama nasi tungehamia EEVEE na kurenda fremu kwa sekunde. Tulijaribu maonyesho matatu. Nje, mchana, ilipendeza. Ndani ya kibanda, ambako karibu mwanga wote ni ule uliogonga kitambaa kimoja ukaangukia kingine, Cycles ilibaki juu. Kuchanganya injini mbili katika kipindi kimoja kungetufanya turekebishe rangi za kila onyesho mara mbili, na hatuna mtu wa kazi hiyo. Tunabaki na Cycles.

Tulichokipata katika zoezi hilo ni kipimo cha sampuli, yaani mara ngapi mwanga unapimwa kwa kila pikseli. Kwa sampuli 128 na kiondoa chembe, kifaa cha programu kinachofuta vidoa vinavyobaki, fremu moja moja zilikuwa safi, lakini zilipochezwa mfululizo maua ya vitenge yalichemka kama uji, kwa sababu kiondoa chembe kilikuwa kikikisia upya katika kila fremu. Kwa 256 vitenge vikatulia. Wastani wa dakika 4 nilioandika juu ni wa sampuli 256.

Jumatano, 19 Machi

Mashine zimefika. Duka la kwanza lilikuwa limetupa bei bila VAT, na asilimia 16 juu ya mashine nne ni pesa za kutosha kununua skrini mbili nzuri, kwa hiyo tulihamia duka la pili lililoandika bei kamili tangu mwanzo. Kila mashine niliiendeshea jaribio la kumbukumbu usiku kucha kabla ya kuipokea rasmi, na moja ilikuwa na kijiti kibovu kilichoonyesha makosa baada ya saa tano. Walikibadilisha siku iliyofuata. Nisingekipima, tungeilaumu Blender kwa miezi mitatu.

Sasa stima. Tulipima kwa mita ya ukutani: mashine moja ikirenda hula takriban wati 340, nne zikala 1,360, ambazo kwa saa 14 ni karibu yuniti 19 za tokeni kila usiku. Hapa ndipo zile wati 65 za kichakataji zinapolipa. Joto lake nalo ni kama la hita ya chumba isiyozimwa, na Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Mombasa, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu. Tuliongeza feni mbili kwa kila kasha na kuzitoa mashine mezani zikae kwenye korido yenye madirisha. Mchoraji wetu anasema Julai atazirudisha chumbani.

UPS, zile betri za kushikilia mashine stima inapopotea, zilitupa somo la aibu. Tulinunua nne zilizoandikwa 1000VA, nami nikasoma VA kana kwamba ni wati. Kwenye mgongo wake, kwa maandishi madogo, imeandikwa wati 600. Kwa mashine ya wati 340 na skrini bado zilitosha, lakini nilipochomoa waya ukutani kwa jaribio, mashine mbili kati ya nne zilizimika papo hapo wakati UPS yenyewe ikilia kwa furaha. Mzee wetu wa stima, ambaye amefunga nyaya za jengo hili tangu lilipojengwa, alisikiliza kisa chote kisha akasema, "Mama, hizo zinatoa mawimbi ya ngazi, na mashine zako zinataka mawimbi laini." Alikuwa sahihi. Pawa saplai za kisasa zenye urekebishaji hai wa umeme huweza kukataa mawimbi ya kuiga. Tumezirudisha kwa hasara ndogo na kuchukua zinazotoa wimbi laini, ghali zaidi kwa karibu nusu. Jenereta ya jengo haituhusu: inahudumia taa na lifti tu.

Jumatano, 2 Aprili

Hifadhi na mtandao. Kila fremu tunaiweka kama faili ya picha ya aina ya EXR yenye tabaka kadhaa, wastani megabaiti 20, hivyo kipindi kimoja ni gigabaiti 330 na mfululizo mzima ni zaidi ya terabaiti 4, kabla ya faili za kazi na marudio. Seva ina diski nne za terabaiti 8 katika mpangilio wa pamoja uitwao RAID 6, ambao inatuachia terabaiti 16 na kuvumilia kifo cha diski mbili. Haivumilii wizi, moto, wala mtu anayefuta folda isiyo yake, kwa hiyo kila Ijumaa nakala huenda nyumbani kwa mmoja wetu ndani ya diski ya nje. Swichi ya mtandao ni ya gigabiti 2.5, kwa sababu mashine mpya tayari zina tundu la kasi hiyo na ile ya gigabiti 1, isiyozidi megabaiti 125 kwa sekunde, ilifanya kila mtu alalamike saa tatu asubuhi wote wakifungua faili pamoja.

Mashine zote zina Ubuntu 24.04, aina ya Linux, isipokuwa ya mhariri. Tunahariri na kupanga rangi kwa DaVinci Resolve ya bure, na toleo hilo kwenye Linux halisomi video za H.264, ambazo ndizo mteja hutuma kama marejeleo. Mhariri amebaki na Windows 11, na amani imerejea.

Skrini ni za IPS za inchi 27, zimesawazishwa kwa kifaa kimoja tunachopokezana. Mapazia ya kijivu yamefanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 14 Aprili

Usiku wa kwanza wa kurenda kwa foleni kamili ulikuwa wa Ijumaa. Foleni inaongozwa na Flamenco, inayotolewa bure na studio ya Blender yenyewe, nayo hugawa onyesho katika mafungu ya fremu kumi kumi na kuyapeleka kwa mashine iliyo wazi. Stima ilipotea saa nane na dakika arobaini usiku. UPS zilishika kwa dakika tisa, kisha seva ikaziamuru mashine zizimike kwa utaratibu, na zilipowashwa asubuhi mafungu manne yaliyokuwa mikononi yalirudi kwenye foleni yenyewe. Fremu moja tu, ya 417, ilibaki nusu: nusu ya juu soko, nusu ya chini weusi. Tumeirenda tena. Nimeongeza hati fupi inayopima ukubwa wa kila faili na kuripoti yoyote iliyo chini ya megabaiti 5.

Kwa hesabu ya usiku tatu hadi sasa tumepata fremu 2,260, ambazo ni pungufu kidogo ya makadirio, kwa sababu ya stima ya Ijumaa. Katika bajeti zimebaki shilingi 131,000. Mtu wa mwanga anaomba skrini ya pili. Mimi naziweka kwa betri za UPS, ambazo muuzaji mwenyewe anasema hazitafika miaka mitatu.